Barua Pepe za Kikundi Zisipofika, Tufanye Nini?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo linaweza kuangusha kikundi pole pole bila mtu kujua: barua pepe zinazotumwa na tovuti ya kikundi lakini hazifiki.

Chukueni mfano wa akina mama wanaosuka vyondo. Mteja anafungua tovuti yao, anajaza fomu na kuagiza vyondo 20. Tovuti inapaswa kutuma barua mbili: moja kwa mteja kumwambia tumepokea, nyingine kwa katibu. Hakuna hata moja inayofika. Mteja anangoja, halafu ananunua kwingine. Katibu anasema biashara imekuwa mbaya. Wanachama nao wanaanza kunong'onezana kwamba viongozi wamekula pesa. Kumbe hakuna aliyekula kitu. Barua imezuiliwa njiani. Kwa hivyo msiseme hii ni kazi ya kijana wa kompyuta peke yake. Ni jambo la uaminifu ndani ya kikundi.

Kwa nini barua zinazuiliwa? Kanuni za kutuma barua pepe, zinazoitwa SMTP, ziliandikwa na Jon Postel huko Marekani mwaka wa 1982. Siku hizo watumiaji walikuwa wachache na waliaminiana. Mtu angeweza kuandika jina lolote kama mtumaji, na hakuna wa kumwuliza. Baadaye matapeli wakaingia, wakajaza masanduku ya watu barua taka. Ndiyo sababu siku hizi mpokeaji anauliza kwanza, "Wewe ni nani, na nani amekutuma?" Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wameongeza ukali. Tovuti isiyoweza kujitambulisha barua zake hukataliwa, au hutupwa kwenye barua taka.

Sasa, tutengeneze namna gani?

Kwanza, tujue barua imekwama wapi. Mwambieni mpokeaji atazame kwenye barua taka. Halafu tafuteni ile barua inayorudishwa kwa mtumaji kueleza sababu. Msiifute! Ndani yake kuna nambari ya tarakimu tatu. Ikianza na 4, kwa mfano 421, shida ni ya muda na barua itajaribiwa tena. Ikianza na 5, kwa mfano 550, barua imekataliwa kabisa. Mpeni fundi barua hiyo yote jinsi ilivyo.

Kama hakuna kilichorudi, huenda barua haikutoka kabisa. Kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti hufunga mlango nambari 25, ambao matapeli waliutumia sana. Tena tovuti nyingi za WordPress hutuma barua bila kutumia jina wala neno la siri. Dawa yake ni kuweka programu ndogo ya nyongeza ya SMTP, itakayotuma kupitia mlango 587 au 465 kwa kujitambulisha. Hii haihitaji tovuti mpya. Mtu akiwaambia mjenge tovuti upya kwa sababu ya barua tu, mwulizeni kwanza ameangalia nini.

Pili, tupate vitambulisho. Viko vitatu, na vyote huandikwa kwenye DNS, yaani daftari la majina la intaneti. Fikirieni akaunti ya kikundi benki. SPF ni kama orodha ya wanaoruhusiwa kutia sahihi: inasema ni mashine zipi zinaweza kutuma barua kwa jina la kikundi. DKIM ni kama muhuri: inaonyesha barua imetoka kwetu na haikubadilishwa njiani. DMARC ni agizo kwa mpokeaji: barua yenye jina letu isiyothibitishwa na mojawapo ya hivyo viwili, aifanyie nini. Angalizo: orodha ya SPF iwe moja tu. Mafundi wawili wakiandika kila mtu yake, zote mbili haziheshimiwi.

Kuna kosa lingine linalotokea sana. Mteja mwenye anwani ya Gmail akijaza fomu, tovuti humwandikia katibu ikijifanya ndiyo huyo mteja. Mpokeaji anaona barua imesema imetoka Gmail, lakini haikutoka huko. Anaikataa, na ana haki. Mtumaji awe anwani ya kikundi, na ya mteja iwekwe mahali pa kujibu.

Tatu, tuangalie kama mwizi ameingia. Wakati mwingine kampuni inafunga barua zetu kwa sababu tovuti imetuma maelfu usiku mmoja. Mtu amepata neno la siri, au ameingilia fomu isiyo na ulinzi. Hapo msikimbilie kuomba mfunguliwe. Safisheni kwanza: badilisheni maneno yote ya siri, ongezeni matoleo mapya ya programu, ondoeni zile hamtumii, futeni barua taka zilizopanga foleni, na wekeni kizuizi kwenye fomu. Ndipo muangalie kama mmeandikwa kwenye orodha za wasumbufu, kama ile ya Spamhaus. Mkishatengeneza, ombeni kuondolewa. Spamhaus haitozi pesa kwa kazi hiyo. Mkiomba kabla ya kusafisha, mtarudishwa kule kule.

Nne, tuzuie lisirudi. Kinga ni bora kuliko tiba.

1. Jina la tovuti liandikishwe kwa kikundi, si kwa kijana aliyeitengeneza. Akihamia mjini bila kuacha maneno ya siri, mtabaki nje ya nyumba yenu wenyewe.

2. Mwekahazina aandike tarehe ya kulipia jina na tovuti. Jina likiisha muda, barua nazo huacha kufika.

3. Msitumie watu matangazo bila ruhusa yao. Wakibonyeza kwamba ni barua taka, jina lenu linaharibika. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka mtu akubali kabla ya habari zake kutumiwa kwa biashara.

4. Kila mwezi, kabla ya mkutano, katibu ajaze fomu ya tovuti mwenyewe aone kama barua inafika. Aandike matokeo kwenye kumbukumbu.

5. Wekeni nambari ya simu ya kikundi kwenye tovuti. Barua ikikwama, mteja atapiga simu.

Haya yote hayahitaji elimu kubwa. Yanahitaji kikundi kijue mali yake na kuuliza maswali bila haya.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

- Jina la tovuti yetu limeandikishwa kwa nani?

- Maneno ya siri anayo nani, na akisafiri itakuwaje?

- Mara ya mwisho tulijaribu fomu yetu lini?

Mkirudi nyumbani, anzeni na swali la kwanza.