Muhuri wa Mfalme na Shamba la Nabothi



Mnakijua kisa cha Nabothi na shamba lake la mizabibu. Nabothi hakunyang'anywa shamba na majambazi. Ziliandikwa barua, zikatiwa muhuri wa mfalme, wakaitwa wazee wa mji, wakaletwa mashahidi wawili wa uongo. Kila hatua ilivikwa joho la sheria. Haki pekee ndiyo haikualikwa.

Hivyo ndivyo ardhi ya miji yetu ilivyopotea. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kutoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi viwanja vya shule, misitu na ardhi iliyotengewa barabara ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, nao wakapewa hatimiliki. Mwenye karatasi aliitwa tajiri mwenye mali. Mwenye nyumba bila karatasi aliitwa mvamizi, na tingatinga likatumwa kwake, kama ilivyokuwa Muoroto, Nairobi, mnamo Mei 1990.

Je, sheria yasemaje leo? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, walibomolewa nyumba zao mwaka 2011. Walikuwa tayari wameenda mahakamani. Walishinda katika Mahakama Kuu mwaka 2013, wakashindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka 2016, wala hawakukata tamaa. Januari 2021 Mahakama ya Upeo iliamua kwamba watu wasio na ardhi, wakijenga makao yao katika ardhi ya umma, hawapati hatimiliki, lakini wanapata haki ya makao inayostahili kulindwa.

Tena Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inadai ilani ya maandishi ya miezi mitatu kabla ya kuwafurusha watu. Hata hivyo, Mei 2020, katikati ya janga la korona, maelfu walibomolewa nyumba zao Kariobangi. Sheria isiyo na watu wa kuisimamia ni wino mkavu.

Wapo wanaouliza: bila mpango, barabara na mabomba ya maji taka yatapita wapi? Swali hilo ni halali, na jibu lake tunalo. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji. Wakazi wakaketi pamoja na wataalamu, wakajadili barabara, maji na makao. Kazi hiyo haijatimia yote, lakini ilianza panapostahili: kwa kumuuliza anayeishi pale.

Basi nawaomba jambo moja. Kila kanisa lililo katika mitaa ya mabanda na liweke orodha ya kaya, picha za nyumba, risiti za kodi na kila ilani inayobandikwa ukutani. Msingoje tingatinga lingurume ndipo mtafute wakili.

Nabothi hakukosa majirani. Alikosa jirani wa kusimama na kusema kweli siku ya kesi. Wazee wa mji ule waliisoma barua, wakautambua muhuri, wakatii. Sisi tusiwe wazee wale.