Kanisa la Turin Lililozaa Misheni za Meru na Embu



Mtu aendaye Nkubu katika nchi ya Meru, au Kyeni katika nchi ya Embu, huona hospitali iitwayo Consolata. Wengi wamelitamka jina hilo tangu utotoni, wakawapeleka wagonjwa wao huko, wala hawakuuliza limetoka wapi. Ni jina la Kiitalia ambalo Wakatoliki humwita Bikira Maria Mfariji, nalo limetoka katika kanisa moja la mji wa Turin, kaskazini ya Italia. Yafaa watu wa Meru na Embu walijue kanisa hilo kwa sababu mbili. Kwanza, ndilo chimbuko la misheni nyingi za kwao. Pili, lina fundisho juu ya swali linaloulizwa katika parokia nyingi: je, waumini wakizidi, kanisa la zamani libomolewe?

Kanisa la Consolata ni kazi ya mafundi wengi na karne nyingi. Mnara wake wa kengele, uliojengwa kwa matofali, ni wa karne ya 11, na ungali umesimama. Mwaka 1678 Padre Guarino Guarini, aliyekuwa bingwa wa hesabu na ujenzi, alianza kulijenga upya. Hakuuangusha mnara ule. Alifanya ukumbi wa kuingilia wenye umbo la yai, na nyuma yake chumba kitakatifu chenye pembe sita, kilichofunikwa kwa kuba. Katika karne ya 18 fundi Filippo Juvarra aliongeza mahali pa altare kuu. Tena kati ya mwaka 1899 na 1904, watu walipokuwa wengi kupita nafasi, Carlo Ceppi alipanua kanisa kwa kuongeza vikanisa vya pembeni. Kila fundi aliikuta kazi ya mwenziwe, akaiheshimu, akaongeza yake. Mwaka 1906 Baba Mtakatifu Pius wa Kumi alilipa kanisa hilo cheo cha basilika.

Ndani mna marumaru za rangi nyingi na dhahabu, na juu ya altare kuu imewekwa picha ya Bikira Maria na Mtoto, ambayo watu huiheshimu sana. Lakini labda kitu kinachogusa moyo zaidi ni picha ndogo ndogo zilizojaa katika kuta za ujia mmoja. Hizi ni picha za shukrani, zilizoletwa na watu wa kila namna. Moja yaonyesha mgonjwa kitandani, nyingine mtu aangukaye kutoka juu ya nyumba, nyingine askari vitani. Nyingi hazikuchorwa na mabingwa, lakini ni kumbukumbu ya maisha ya watu wa kawaida, ambao pengine majina yao yasingejulikana kabisa.

Kuta za nje nazo zina habari zake. Mwaka 1706 jeshi la Ufaransa liliuzingira mji wa Turin, na risasi moja ya mzinga iliyopiga chini ya kuba imeachwa pale pale ukutani hata leo. Karibu na kanisa iko nguzo ndefu yenye sanamu ya Bikira Maria, iliyosimamishwa kwa nadhiri ya watu wa mji wakati wa kipindupindu cha mwaka 1835.

Sikukuu kubwa ya kanisa hilo ni tarehe 20 Juni. Watu husali kwa siku tisa kabla yake, na siku yenyewe ikifika hufanya maandamano barabarani, wakiichukua sanamu ya Mfariji.

Mkuu wa kanisa hilo tangu mwaka 1880 hadi alipofariki mwaka 1926 alikuwa Padre Giuseppe Allamano. Ndiye aliyesimamia upanuzi wa Ceppi, na katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1901, alianzisha shirika la wamisionari wa Consolata. Wa kwanza walifika Kenya mwaka 1902, na kufikia mwaka 1911 walikuwa wameingia Meru. Allamano mwenyewe hakupata kuiona Afrika. Meru ikawa jimbo kamili mwaka 1953, na Embu mwaka 1986. Tarehe 20 Oktoba 2024 Allamano alitangazwa kuwa mtakatifu.

Basi, makanisa ya mawe ya misheni za zamani nayo yana habari zake. Mawe yake yalichongwa na kubebwa na mababu wa hao wanaosali humo leo. Ni kweli kwamba waumini wameongezeka, na nyumba kubwa zaidi yahitajika. Tena ni kweli kwamba ukuta uliooza ni hatari, na kuutengeneza kwaweza kugharimu fedha nyingi. Lakini kabla ya kuleta nyundo, kamati ya ujenzi ingefanya vema kumwita fundi stadi aupime ukuta, na kuwauliza wazee ni nani walioujenga. Pengine jengo la zamani laweza kuwa ukumbi wa kuingilia wa jipya, kama lilivyofanywa kule Turin, au likawa darasa au maktaba. Nyumba mpya hujengwa wakati wowote fedha zikipatikana, bali kazi ya mikono ya mababu, ikishabomolewa, hairudishwi kwa fedha yoyote.