Mvi Si Udhuru wa Kutojua Kusoma Qur'an

(Mawaidha yaliyotolewa msikitini baada ya swala ya Alasiri)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu na ndugu zangu katika imani, yapo maradhi miongoni mwetu tusiyoyataja: mtu mzima kuona aibu kukiri kuwa hajui kusoma Qur'an.

Mzee mmoja alikuwa akikaa kwenye baraza ya madrasa yetu kila jioni. Nikidhani anamsubiri mjukuu wake, kumbe akifuatisha herufi kimya kimya. Nilipomkaribisha ndani watoto walicheka, nami sikuwakemea. Hakuonekana tena kwa miezi miwili. Kosa lile lilikuwa langu, nikamwendea nyumbani kumwomba radhi.

Tujiulize, Maswahaba walisoma lini? Wengi walisilimu wakiwa watu wazima, wenye wake na watoto. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliteremshiwa wahyi wa kwanza akiwa na umri wa miaka 40, na baada ya hapo akaamrishwa amuombe Mola wake amzidishie elimu (Twaha, 20:114).

Katika maulamaa wa madhehebu ya Imamu Shafi yupo Abu Bakr al-Qaffal al-Marwazi, aliyefariki mwaka 417 Hijria. Alikuwa fundi wa kufuli, na ndiyo asili ya jina lake. Alianza kusoma fiqhi akiwa na takriban miaka 30, akawa imamu wa kutegemewa huko Khurasan.

Huenda mtu akasema kuwa miaka 30 bado ni ujana. Basi na atazame hapa karibu. Mwaka 2004, huko Eldoret, Kenya, Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84. Hakuwa Muislamu. Miongoni mwa aliyoyataka ni kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Alivaa sare, akakaa na watoto wenye umri wa vitukuu vyake. Alifariki mwaka 2009. Je, sisi tuliokirimiwa Qur'an tutatoa hoja gani mbele ya Mola wetu?

Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kwamba anayeisoma Qur'an kwa kusitasita na kwa taabu ana ujira mara mbili (Bukhari na Muslim). Basi ulimi mzito usituondoe darasani.

Walimu wenzangu, tuwatengee wazee darsa lao baada ya Isha, tena kwa adabu. Vijana, asiwepo wa kuwacheka. Nanyi wazee wetu, anzeni na Suratul-Fatiha, kwani swala inaitegemea.

Mzee yule amerudi. Juma lililopita aliisoma Suratul-Fil ndani ya msahafu, herufi kwa herufi, pasi na kusaidiwa. Watoto walinyamaza kimya wakimsikiliza.

Allah atujaalie tufe hali ya kuwa tungali wanafunzi. Amin.

Wabillahi tawfiq.