Mguu wa Wilma Rudolph na Mlango wa Shule Zetu
Mada kwa semina ya walimu wa michezo na elimu jumuishi



Nimepewa kuzungumzia ujasiri wa kuvuka vizuizi, tangu ubaguzi wa rangi hadi ulemavu wa viungo. Ni mada pana, na majina ya kutajwa ni mengi. Nimeonelea nikae na jina moja zaidi ya mengine, la mwanamke aliyekutana na vizuizi vyote viwili tangu utotoni. Hoja yangu naitaja mapema ili mnipime nayo: ujasiri wa mtoto peke yake hautoshi, na sisi watu wazima hatuna haki ya kumdai ujasiri huo kabla hatujatimiza sehemu yetu.

Wilma Rudolph alizaliwa tarehe 23 Juni 1940 karibu na mji wa Clarksville, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Alizaliwa kabla ya siku zake, ana uzito wa kilo mbili hivi. Baba yake, Ed, alioa mara mbili na Wilma alikuwa mtoto wake wa 20 kati ya 22. Mzee huyo alikuwa hamali wa reli. Mama, Blanche, alifanya kazi za ndani katika nyumba za Wazungu. Mtoto aliugua nimonia, akaugua homa ya vipele vyekundu, kisha ikaja polio na kuuacha mguu wake wa kushoto hauna nguvu. Chanjo ya kwanza ya polio iliidhinishwa Marekani mwaka 1955. Kwake ilikuwa imechelewa.

Ugonjwa huo haukuuliza rangi ya mtu. Tiba iliuliza. Clarksville ya miaka ile haikuwa na huduma ya maana kwa mtoto Mweusi mwenye mguu uliopooza, kwa hiyo Blanche akawa anampeleka Nashville, umbali wa kilomita 80 hivi, katika hospitali ya chuo cha tiba cha Meharry, chuo kilichoanzishwa karne ya 19 kuwafundisha madaktari Weusi. Walikwenda kila wiki, kwa muda wa miaka miwili hivi, ndani ya basi ambalo Weusi walikaa viti vya nyuma. Nyumbani mguu ulitakiwa kuchuliwa mara nne kwa siku, na familia ikafundishwa namna ya kuuchua. Mama akirudi kutoka kazini alichua yeye, asipokuwepo walichua kaka na dada, kwa zamu. Mtoto alivaa vyuma mguuni, baadaye kiatu maalumu, mpaka alipokaribia umri wa miaka 12 ndipo akatembea bila msaada wowote.

Naomba tusipapite haraka mahali hapa, maana ndipo hadithi nyingi za ujasiri zinaporuka. Tunapenda kumsimulia Wilma kama msichana aliyeamua, akaweza. Wilma mwenyewe hakusimulia hivyo. Alieleza kwamba madaktari walimwambia hatatembea tena, mama akamwambia atatembea, naye akachagua kumwamini mama. Lakini mama hakuishia kusema. Nauli ilikuwa yake, safari ilikuwa yake, na jioni mikono iliyokuwa imefua na kupiga pasi kwa watu ilishika tena mguu wa mtoto. Kwenye kuta za madarasa yetu tumeandika "penye nia pana njia". Katika nyumba ya kina Rudolph nia ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na njia bado ilikuwa ndefu kwa kilomita 80 kuliko ilivyopasa kuwa, kwa sababu kuna watu walioamua iwe hivyo.

Riadha nitaipitia upesi, maana wengi mnaijua. Alicheza mpira wa kikapu katika shule ya Weusi ya Burt, akaonwa na kocha Ed Temple wa chuo kikuu cha Tennessee State. Temple aliwafundisha wasichana wake kwa bajeti isiyotosha chochote, katika kiwanja cha udongo alichokuwa akikitunza mwenyewe. Wakisafiri kwenda mashindanoni walibeba chakula garini, kwa kuwa mahoteli ya njiani hayakuwapokea. Mwaka 1956 huko Melbourne, akiwa na miaka 16, Wilma alipata medali ya shaba katika mbio za kupokezana vijiti. Roma, mwaka 1960, alichukua dhahabu tatu: mita 100, mita 200 na kupokezana vijiti mita 100 mara nne. Hakuna mwanamke wa Marekani aliyewahi kupata dhahabu tatu za riadha katika Olimpiki moja kabla yake. Kwenye mbio za vijiti alikimbia na Martha Hudson, Lucinda Williams na Barbara Jones, wote wanafunzi wa chuo kile kile. Kijiti nusura kianguke kilipofika mkononi mwake. Alikikamata, akamfukuza aliyekuwa mbele na kumpita.

Ninachotaka kiingie mioyoni mwenu ni kilichotokea aliporudi nyumbani.

Clarksville ilitaka kumpokea kwa heshima. Gavana wa Tennessee wakati huo, Buford Ellington, alikuwa ameingia madarakani akitetea utengano wa rangi, na desturi ya mji ilikuwa wazi: Wazungu kwao, Weusi kwao. Wilma, msichana wa miaka 20, aliwaambia kwamba kama watu watatenganishwa, hatahudhuria. Mji ukakubali. Tarehe 4 Oktoba 1960 maandamano ya kumlaki yalipita barabarani, na jioni watu zaidi ya 1,000, Weusi na Wazungu, walikaa kula karamu moja. Haikuwahi kutokea katika historia ya mji ule shughuli ya hadhara ya namna hiyo kabla ya siku hiyo.

Kwa maoni yangu siku hiyo inazidi dhahabu zote tatu. Roma alikuwa amevuka kizuizi chake mwenyewe, na aliyekuwa nyuma yake alibaki nyuma. Clarksville alikishika kizuizi chenyewe akakisogeza, na hata asiyeweza kukimbia hatua mbili akapita. Wala tusidhani karamu moja ilimaliza kazi. Migahawa iliendelea kuwakataa Weusi. Mwaka 1963, baada ya kurudi kutoka ziara ya Afrika Magharibi ambako alifika Senegal, Ghana na nchi nyingine alikopokewa kama malkia, alijiunga na waandamanaji mbele ya mgahawa mmoja wa mji wake na kuzuiwa mlangoni. Bingwa wa dunia, mlangoni kwao! Muda mfupi baadaye meya alitangaza kwamba migahawa na huduma za umma za mji zitafunguliwa kwa watu wote.

Sasa nawaomba tahadhari moja. Mguu wa Wilma ulipona. Watoto wengi tunaowafundisha hawatapona. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, aliyekatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda, asiyeona tangu kuzaliwa: tukimweleza Wilma kama mgonjwa aliyepona kwa ujasiri, tutakuwa tumemwambia kwa mzunguko kwamba yeye bado hajawa jasiri vya kutosha. Ni maneno mazito kumtwisha mtoto. Ndiyo maana kila ninapomtaja Wilma namtaja pia Henry Wanyoike wa Kikuyu, Kenya. Alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 baada ya kupata kiharusi, akiwa kijana. Mwaka 2000, katika Olimpiki ya Walemavu huko Sydney, alishinda dhahabu ya mita 5,000 huku mwenzake aliyekuwa akimwongoza akiishiwa nguvu karibu na mwisho, ikawa asiyeona ndiye anayemvuta anayeona. Macho ya Wanyoike hayakurudi. Alichopata ni kamba, mtu wa kukimbia naye, na mashindano yenye nafasi kwa mtu kama yeye.

Kwetu mambo yakoje? Wazee waliosoma Tanganyika kabla ya 1961 wanakumbuka shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja na ubora wake. Milango hiyo ilifunguliwa kwa uamuzi wa serikali, na hakuna aliyemtaka mtoto wa Kiafrika kwanza athibitishe ujasiri wake ndipo apokewe. Kwa upande wa ulemavu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeshasema kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma kama wenzake. Hata hivyo tazameni shule mnazotoka. Ngazi ziko mlangoni mwa darasa. Choo cha shimo kiko mbali, hakina pa kushika, na mtoto anayetembea kwa magongo anajizuia kunywa maji tangu asubuhi ili asilazimike kwenda. Kipindi cha michezo kikifika, anaachwa chini ya mwembe kulinda mabegi na viatu vya wenzake. Halafu siku ya kufunga shule tunamsimamisha mbele ya wazazi na kumpigia makofi kwa ujasiri.

Na yuko mama anayemleta. Mnamwona, ingawa hatumtaji kwenye taarifa zetu: anambeba mgongoni mtoto wa miaka tisa, anamfikisha darasani, anakimbilia kibarua, mchana anarudi kumchukua. Mara nyingi yuko peke yake, maana wapo akina baba wanaoondoka nyumbani mtoto wa namna hii anapozaliwa, na jambo hilo lazima lisemwe hadharani kwenye semina kama hii. Huyo ndiye Blanche wetu. Mlango wa darasa ukiwekwa mteremko wa zege, yeye ndiye wa kwanza kupumua.

Sizungumzii miradi ya mamilioni. Mifuko michache ya saruji, fundi wa kijijini, na bomba la chuma la kushika chooni vinaweza kujadiliwa kwenye kikao cha kamati ya shule wiki ijayo. Mwalimu wa michezo anaweza kupanga mchezo wa kurusha tufe ukiwa umekaa, na kumpa mtoto asiyeona kamba na mwenzake wa kukimbia naye. Mwalimu wa zamu anaweza kumuuliza mtoto mwenyewe mahali anapokwama. Kwa kawaida watoto hawa wanajua kila shimo na kila kizingiti cha shule kuliko mkuu wa shule.

Ndugu Mwenyekiti, kabla hatujagawanyika kwenye vikundi, naomba wajumbe wa kila shule waandike mambo matatu kwenye karatasi waliyopewa: idadi ya watoto wenye ulemavu walioandikishwa, idadi ya wanaojulikana mtaani ambao hawajaletwa shuleni, na jina la mtu atakayekwenda nyumbani kwao kabla ya muhula ujao kuanza.