Tuwafunze Vijana Wetu Kusikiliza

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi, walimu na vijana katika mkutano wa tawi. Tunaichapa kwa faida ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)



Tumeombwa tuseme machache juu ya elimu ya vijana wetu. Labda wengi mlitazamia kwamba tutazungumza juu ya madawati, vitabu na nyumba za walimu. Mambo hayo ni makubwa, nasi hatuyadharau. Lakini leo tumekuja na jambo ambalo hatujaliona katika orodha ya mahitaji ya shule yo yote. Tunataka kuzungumza juu ya sikio. Mtoto wetu hufundishwa miaka mingi kusoma maandishi, na akikosea herufi husahihishwa. Lakini sauti ya redio na sauti ya simu, ambazo humfikia asubuhi mpaka usiku, nani amemfundisha kuzisoma?

Yafaa tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Katika kijiji tunachokaa palitokea maneno juu ya shamba la shule. Watu walisikia ati linauzwa. Kamati ikaitisha mkutano, na mzee mwenyekiti wa kamati akasimama mbele ya watu wote akasema, "Hatutauza shamba la shule." Watu wakapiga makofi, wakaenda zao. Kesho yake simu zikaanza kulia. Sauti ikapita mkono kwa mkono, na kila aliyeisikia aliitambua kuwa ni ya mzee yule yule: "Tutauza shamba la shule." Kufika jioni watu walikuwa wamejaa mlangoni pake. Mkewe alitukanwa kisimani. Mihogo yake iling'olewa usiku.

Na sisi je? Sisi tuliipata sauti ile saa nne asubuhi, na kabla ya saa tano tulikuwa tumekwisha wapelekea watu ishirini na watatu. Nasi tulikuwako mkutanoni, ndugu zangu! Tulikuwa tumekaa safu ya mbele, tukamsikia kwa masikio yetu akisema kinyume. Lakini simu iliposema, tulidhani kwamba labda sisi ndio tuliosikia vibaya. Tuliamini chombo, tukayakana masikio yetu wenyewe.

Aliyetutoa gizani ni kijana mmoja wa shule. Aliirudia sauti ile mara nyingi, kisha akatuambia, "Sikilizeni mwanzo wake. Hapana pumzi." Kweli, mtu akitaka kusema huvuta pumzi kwanza; hapa neno lilianza ghafla, kama kamba iliyokatwa kwa kisu. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtu alikata silabi moja, "ha," basi. Lugha yetu hubeba kukataa kwake mwanzoni kabisa mwa neno: hatutauza, tutauza, hawataondoka, wataondoka. Ukimnyang'anya mtu silabi ile moja, umemgeuza mlinzi kuwa mwizi.

Tulikwenda kumwomba radhi yule mzee. Alitupokea, akatupa viti, hakutulaumu. Lakini tangu siku ile hasimami tena kusema katika mikutano. Kijiji kimepoteza kinywa chake kimoja chema, na hasara hiyo hatujui tutailipa kwa nini.

Sasa tujiulize: kwa nini sauti hutushika namna hii? Sababu moja ni kwamba sisi ni watu wa maneno ya mdomo. Baraza, hukumu, mahari na wosia wetu, vyote vilikuwa katika sauti ya mtu tunayemjua. Tukiisikia sauti tunadhani tumemwona mtu. Wazee wetu walikuwa na kinga, maana msemaji alikuwa mbele yao. Waliweza kumtazama usoni na kumwuliza. Chombo kimetuletea sauti, kimeuacha uso nyumbani.

Hata hivyo watu wetu walijifunza kusikiliza chombo, na yafaa vijana wajue jinsi walivyojifunza. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, nayo ilikuwa mali ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1954 redio ya Kairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili, na mwaka 1957 BBC ya London ikafuata. Waliokusanyika kuizunguka redio moja ya betri waligundua jambo. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa magaidi katika redio za wakoloni, na mashujaa katika redio ya Kairo. Watu ni wale wale, msitu ni ule ule. Basi waliosikiliza pande zote mbili walitambua kwamba nyuma ya kila sauti pana mtu, na mtu huyo amesimama mahali fulani. Hapana shule iliyowafundisha. Walifundishwa na sauti mbili zinazopingana.

Baada ya Uhuru tulifanya jambo jema zaidi. Mwaka 1973 Radio Tanzania ilitangaza mafunzo yaliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 waliyafuata, katika vikundi vilivyokuwa na viongozi 75,000 waliofundishwa kazi hiyo. Tazameni ilivyokuwa. Kikundi kilikusanyika, kikasikiliza kipindi, kikafungua kitabu, kikajadiliana, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi ya mbu. Sauti ya redio haikuwa mwisho wa jambo, ilikuwa mwanzo wake. Baada ya redio kunyamaza, watu ndipo waliposema. Leo kila kijana ana redio yake sikioni, amezibwa masikio yote mawili, anasikiliza peke yake na kuamini peke yake. Hapana wa kumwambia, "Hebu ngoja kidogo."

Ndugu zangu, tusidhani kwamba haya ni mambo ya ugomvi wa mashamba tu. Jirani zetu wa Rwanda walilipa kwa damu. Mwezi Julai 1993 ilianza kutangaza huko redio iliyoitwa Radio Télévision Libre des Mille Collines. Haikuanza kwa kusema "ueni." Ilianza kwa muziki mtamu wa Zaire, kwa mizaha, kwa watangazaji wanaosema lugha ya vijiweni, na vijana wakaipenda. Kisha kidogo kidogo Watutsi wakaitwa mende. Na mauaji yalipoanza mwezi Aprili 1994, redio ile ile ilitaja watu kwa majina na mahali walipojificha. Katika siku mia moja hivi waliuawa watu zaidi ya 800,000.

Hukumu ya jambo hilo ilitolewa hapa kwetu Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda. Tarehe 3 Desemba 2003 Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa waasisi wa redio hiyo, walitiwa hatiani pamoja na Hassan Ngeze, mwenye gazeti. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini iliwaacha na hatia: Nahimana miaka 30, Barayagwiza miaka 32. Na Nahimana alikuwa nani? Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, msomi wa historia. Basi asitudanganye mtu kwamba elimu peke yake ni kinga. Aliyesoma bila kufunzwa kusikiliza na kupima maneno aweza kuwa mtumwa wa sauti, na msomi mwovu aweza kuwa bwana wake.

Na sasa hatari imezidi. Yule aliyekata silabi ya mzee wetu alihitaji kwanza mzee aseme. Siku hizi kuna mitambo inayoisikia sauti ya mtu kwa muda mfupi, kisha ikaiga na kusema maneno ambayo mwenyewe hajapata kuyasema. Mwaka 2023 huko Slovakia, siku mbili kabla ya uchaguzi, ilienezwa sauti iliyodaiwa kuwa ya kiongozi wa chama kimoja, Michal Šimečka, akipanga kuiba kura. Aliikana, na wataalamu walioichunguza waliona dalili za kuungwa na mtambo. Mwezi Januari 2024 wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu na sauti kama ya Rais Biden ikiwaambia wasiende kupiga kura. Ilikuwa ya bandia, na aliyepanga jambo hilo alitozwa faini ya dola milioni 6. Huko nako sauti ilikwenda kwa saa chache, na haki ikaifuata kwa miezi.

Mtambo wa namna hiyo waweza kuiga hata pumzi. Kwa hiyo lile sikio zuri la kijana wetu halitoshi tena. Hatuna budi kumpa kijana kitu kilicho kikubwa kuliko sikio, nacho ni desturi ya kuuliza. Tunashauri mambo matatu, na yote hayahitaji fedha.

La kwanza, wanafunzi wafanye kazi ya sauti kwa mikono yao. Simu moja ya mwalimu yatosha darasa zima. Wamwalike mzee, wamhoji juu ya soko la zamani au mwaka wa njaa, na wanase maneno yake dakika kumi. Kisha darasa ligawanyike vikundi vinne, kila kikundi kichague dakika moja tu ya kuwasikilizisha wengine. Mtaona ajabu. Kikundi kimoja kitamtoa mzee mwenye hasira, cha pili mzee mwenye mzaha, cha tatu mzee anayelalamika, cha nne mzee mwenye hekima. Hapana aliyesema uongo, na hapana hata mmoja aliyemtoa mzee mzima. Kisha mzee mwenyewe asikilizishwe zote nne, aulizwe, "Babu, yupi ni wewe?" Mtoto aliyefanya hivyo mara moja hatasahau kwamba kila anachosikia kimechaguliwa na mtu.

La pili, wajifunze maswali matano kama wanavyojifunza hesabu, wayajue kwa moyo. Nani anasema? Amejuaje, alikuwako au ameambiwa? Ni nini kimeachwa? Nani anafaidika tukiamini? Na nani mwingine, asiyehusika naye, amesema hivyo hivyo? Kama hapana majibu, sauti isipite mkononi mwao. Kama mwenye sauti anakaa mtaa wa pili, waende wakamwulize. Sisi tungetembea hatua mia mbili tu.

La tatu, wajifunze kutenganisha habari, maoni na biashara. Wasikilize redio nusu saa, waandike: hapa tumepewa habari, hapa mtu ametoa maoni yake, hapa tumeuziwa sabuni. Wasome sentensi ile ile mara mbili, mara ya kwanza kavu, mara ya pili na ngoma ya vita nyuma yake, waone jinsi mioyo inavyobadilika na maneno hayakubadilika.

Twajua wako watakaosema: "Mkiwafundisha vijana kuuliza maswali hayo, watatuuliza hata sisi. Watauliza hata hotuba za viongozi wa chama." Ndiyo, watauliza. Na waulize! Chama hiki hakitaki masikio yaliyozibwa. Yaliyozibwa kwa ajili yetu leo, kesho yatazibwa kwa ajili ya mwingine. Neno la kweli haliogopi swali. Hata haya tunayoyasema sasa, wayapime.

Lakini tuwaonye vijana jambo moja. Kuuliza si kukataa kila kitu. Asiyeamini lo lote ni mjinga sawasawa na anayeamini yote. Huyo ndiye atakayesema, "Wote ni waongo," kisha atamfuata anayesema kwa sauti kubwa zaidi. Tunataka kijana anayepima, na akikwisha pima, aliaminie neno la kweli na kulitetea mbele za watu.

Basi tunaliomba tawi lianze na shule yetu wenyewe, kwa saa moja kila juma, na wazazi wakaribishwe kukaa nyuma ya darasa. Sisi tutakuwa wa kwanza kufika. Na kwa mzee wa kwanza kuhojiwa, tunaomba ruhusa ya tawi tukambishie hodi mwenyekiti yule aliyenyamaza. Tutamwambia, "Mzee, vijana wanataka kukusikia. Safari hii watakusikiliza mpaka mwisho, tangu silabi ya kwanza."