Mkesha Mwenye Madoa: Umri Kwanza, Jina Baadaye



Wenzetu wa Ulaya huwachunguza ndege waitwao mikesha majani yakipukutika. Huku Iringa na Mbeya, kipindi kinacholingana na hicho ni Machi hadi Mei, mvua zikielekea ukingoni na kipupwe kikibisha hodi. Ndege hawa wamemaliza kulea, wengi wamepunguza kuimba, na vichaka vimejaa makinda waliokwisha kujitegemea. Sikio halisaidii sana. Inabidi tusome manyoya, na hapo ndipo tunapodanganyika.

Tunadanganywa na madoa. Katika miombo ya Chunya na Ruaha yuko Turdus litsitsirupa: kifua cheupe kilichotapakaa madoa meusi, michirizi myeusi usoni, mkia mfupi, naye husimama wima kama askari wa zamu. Ukimwona vizuri mara moja humsahau. Tabu ni kwamba mikesha wachanga karibu wote wana madoa kifuani, hata wale ambao wazazi wao hawana. Kinda wa Turdus libonyana, mkazi wa miombo hiyohiyo, huandikwa kwa jina la jirani yake, na simlaumu aliyeandika. Vitabu vingi humchora mzazi kwa ukubwa, kinda akabanwa pembeni, kama yumo.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu waache kifua, waangalie bawa lililokunjwa. Kwa ndege mchanga, manyoya mafupi yanayofunika mashina ya manyoya ya kurukia yana ncha za rangi ya kutu au ya mchanga. Miezi michache baada ya kutoka kiotani, manyoya ya mwili hubadilishwa na madoa hutoweka. Lakini baadhi ya yale ya bawani hubaki mpaka ndege abadili manyoya yote. Ndiyo maana mwezi Mei unaweza kumkuta mkesha mwenye kifua safi cha mtu mzima, na bawani bado ana ncha tatu nne za kutu. Huyo ni mtoto wa mvua hizihizi.

Ukipanda kwenye misitu ya Rungwe, Mufindi na Udzungwa, kosa hubadilika sura. Turdus abyssinicus aliyekomaa ana mgongo wa kahawia iliyokolea, tumbo la rangi ya chungwa, mdomo wa chungwa, na bawa lisilo na alama. Geokichla gurneyi, mpenda kivuli anayepekua majani makavu chini ya miti, ana mdomo mweusi, weupe kuzunguka jicho, miguu ya waridi, na safu mbili za madoa meupe bawani. Wazima hawachanganyiki. Sasa mlete abyssinicus mchanga: mdomo haujaiva rangi, na zile ncha za bawani zimejipanga safu. Katika giza la msituni, akipita upesi, hata mzoefu husita. Uliza basi: ni nyeupe tupu, au ni kutu? Nyeupe tupu, zenye kingo kali, ni za gurneyi. Kutu iliyofifia ni ya umri.

Ninyi mnaopiga picha kwa simu kwenye mashamba ya chai ya Mufindi na bustani za Tukuyu, msisubiri ndege awageuzie kifua. Mpigeni ubavuni, bawa likiwa limekunjwa, kisha andikeni tarehe na mahali. Picha ya Aprili inayoonesha kifua peke yake, mimi siipi jina.