KUWAKUMBUKA WAHITIMU WETU WALIOTUTANGULIA
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kitengela)



Halmashauri imetukabidhi kazi ya kuwakumbuka ndugu zetu waliohitimu katika vyuo vikuu na ambao sasa ni marehemu. Kazi hii ina uzito, na uzito wenyewe umo katika majina.

Mji wa Kitengela una watu wa makabila mengi. Kwa wenzetu Wakikuyu, mjukuu hupewa jina la babu yake, nalo huitwa nyumbani kila siku hata babu akiisha kufa. Desturi ya kale ya Wamaasai, wenyeji wa nchi hii ya Kajiado, ilikuwa nyingine. Akifa mtoto au morani, jamaa zake hawakulitamka tena jina lake. Bali mzee aliyeacha watoto, jina lake liliendelea kutajwa. Na wahitimu wetu wengi wamekufa vijana. Tukiyasoma majina yao kwa sauti, mama mmoja atafarijika, na mwingine aliyeketi karibu naye ataumia upya.

Yako majina yasiyoweza kufichwa. Profesa George Saitoti, aliyekuwa Mbunge wa Kajiado Kaskazini, alizaliwa mwaka 1945. Alisoma Brandeis, Marekani, kisha akapata shahada ya udaktari wa hisabati Warwick, Uingereza, mwaka 1972. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi hata mwaka 1983, alipoingia Bungeni na kuwa Waziri wa Fedha. Baadaye akawa Makamu wa Rais mara mbili. Tarehe 10 Juni 2012 helikopta ilianguka karibu na Ngong, akafa yeye na watu wengine watano. Siasa zake zilikuwa na wapinzani, wala hatukuja hapa kumhukumu. Kwetu sisi lililo kubwa ni la mwaka 2003, alipokuwa Waziri wa Elimu: karo ya shule za msingi ilifutwa, na watoto zaidi ya milioni moja wakaingia madarasani.

Lakini vifo vya wahitimu wetu wengine havikutangazwa redioni. Baba zao waliuza mitamba, na wengine wakakata vipande vya shamba, ili mtoto mmoja afike chuoni. Alirudi akiwa mwalimu, au bwana mifugo, au muuguzi. Akafanya kazi miaka michache, akafa. Ng'ombe wameondoka, shamba limepungua, na mwana hayupo. Je, jamaa kama hao tuwaambie nini?

Halmashauri imeamua kumwuliza kila jamaa. Anayeridhia, jina la marehemu litaandikwa katika daftari la Chama. Asiyeridhia, itaandikwa kazi tu: "Mwalimu wa hisabati, miaka minne, Isinya." Sisi makarani tumezoea kwamba faili isiyo na jina si faili, hili litakuwa la kwanza la namna yake, nasi twaliona ni la haki.

Majibu yaliyofika bado ni machache. Wale ambao hawajajibu twawasihi wamwone Katibu kabla ya kutawanyika, hata kama jibu lao ni kwamba jina lisitajwe. Sasa twaomba wote tusimame, tukae kimya kwa dakika moja. Hakuna jina litakalosomwa leo.